Lango la Mtaa na Haki ya Jirani

Ndugu mmoja aliyejiunga na Jumuiya yetu miaka michache iliyopita alitujia baada ya sala ya Ijumaa na swali lisilokuwa miongoni mwa maswali tuliyozoea kuulizwa na watafutaji wa haki. Hakuuliza juu ya kufa kwa Nabii Isa a.s., wala juu ya maana ya Khatamun-Nabiyyin. Aliuliza juu ya lango.

Ndugu huyu, kwa fadhili za Mwenyezi Mungu, amefanikiwa katika kazi yake, akanunua kiwanja na kujenga nyumba katika mtaa wa watu wenye nafasi, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Chini ya mtaa huo, ng'ambo ya kijito, uko mtaa mwingine usiopimwa, wa nyumba ndogo zilizosongamana. Barabara ipitayo mbele ya nyumba yake ndiyo njia ya mkato ya watoto wa bondeni waendao shule, ya akina mama wauzao maandazi na mboga, na ya vibarua watafutao kazi ya siku. Wizi ulipotokea mara mbili tatu, wenye nyumba walikutana, wakakubaliana kujenga ukuta na lango la chuma, ili wapite wao na wageni wao tu. Kila mmoja akatakiwa kutoa mchango. Ndugu yetu akauliza: "Je, nitoe? Fedha ni yangu, nimeipata kwa halali. Zaka natoa, na chanda natoa. Simdhulumu mtu yeyote. Kuna kosa gani nikitaka kulala kwa amani?"

Tulimjibu siku ile kwa maneno machache, nayo hayakumtosha. Na kwa kweli hayakututosha hata sisi wenyewe. Kwani swali lake si la mtu mmoja. Katika jiji la Nairobi mitaa ya Muthaiga na Mathare hutazamana, barabara moja tu ikiwa katikati, na umbali wa maisha baina yao ni kama wa nchi mbili. Basi tumeona yafaa kulichunguza jambo hili kwa kituo: Je, mwenye mali ana haki ya kuwachagua majirani zake kwa fedha yake, na kuwaweka mbali wale asiowataka?

JINSI MITAA ILIVYOTENGANA

Yafaa kwanza ifahamike kwamba utengano wa mitaa yetu haukuota wenyewe kama nyasi. Ulipangwa na watu, kwa kalamu na kwa ramani.

Mwaka 1914 serikali ya Wajerumani ilitoa amri ya ujenzi iliyoligawa jiji la Dar es Salaam katika kanda tatu: kanda ya nyumba za Kizungu, kanda ya katikati, na kanda ya wenyeji. Waingereza waliporithi nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliuendeleza mgawanyo huo, na watu wakauita kwa majina tunayoyajua hata leo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo wazi la Mnazi Mmoja, ili pande hizo mbili zisigusane.

Lakini liko jambo moja katika mpango huo ambalo wengi hawalitambui. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na kanuni za ujenzi za Waingereza hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Katika kanda ya kwanza iliruhusiwa kujengwa nyumba ya namna ya Kizungu peke yake. Asiyekuwa na uwezo wa kujenga nyumba ya namna hiyo, naye karibu siku zote alikuwa Mwafrika, alijikuta nje ya kanda ile bila mtu yeyote kumtamkia neno moja la ubaguzi. Ramani kuu ya jiji ya mwaka 1949 ikaleta maneno mengine ya kitaalamu: makazi ya ujazo mdogo, ya ujazo wa kati, na ya ujazo mkubwa. Maneno yalikuwa mapya, watu walikuwa wale wale. Ujazo mdogo ulikuwa wa Mzungu, wa kati wa Mhindi, na mkubwa wa Mwafrika.

Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mbashiri wa Jumuiya yetu na mshairi mashuhuri wa Kiswahili, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Mtu ambaye kanuni za zamani zilimhesabu kuwa wa kanda ya tatu akakalia kiti cha mkuu wa jiji. Mwaka uliofuata uhuru ukapatikana, na ubaguzi wa rangi ukaondolewa. Serikali mpya haikulala juu ya jambo la nyumba. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Na katika miaka ya sabini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vyenye huduma huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa nia ya kuwafaa watu wa kipato cha chini, na mtaa wa Manzese ukatiwa barabara na maji.

Nia ilikuwa njema. Hata hivyo viwanja vingi vya miradi ile viliishia mikononi mwa watu wenye kipato cha kati na cha juu, kwa sababu asiye na akiba hawezi kujenga kwa muda uliowekwa, na aliyebanwa na shida hukiuza kiwanja chake kwa mwenye fedha. Na maneno "ujazo mdogo" na "ujazo mkubwa" yamebakia katika upimaji wetu mpaka leo. Sheria ya rangi imekufa. Ua wa bei umebaki umesimama pale pale.

Wala hili si jambo la Afrika peke yake. Huko Marekani, mwaka 1917, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria ya mji wa Louisville iliyowakataza watu weusi kuishi katika mitaa ya weupe. Haikupita miaka kumi, mwaka 1926, mahakama hiyo hiyo ikauruhusu mji mdogo wa Euclid katika jimbo la Ohio kuzizuia nyumba za wapangaji wengi zisijengwe penye nyumba za familia moja moja, na katika hukumu yake ikaifananisha nyumba ya wapangaji na kimelea kinachonyonya uzuri wa mtaa. Yaliyokatazwa kufanywa kwa jina la rangi yakaweza kufanywa kwa jina la aina ya nyumba. Ni njia ile ile iliyopitwa Dar es Salaam.

Tunayaeleza haya ili ndugu yetu aone kwamba lango lile si jambo dogo la mtaa mmoja. Ni tofali moja katika ukuta mrefu ulioanza kujengwa kabla yeye hajazaliwa, nao umefikishwa sasa mlangoni kwake, naye anaombwa atie saruji.

FEDHA NI YANGU

Hoja ya kwanza ya ndugu yetu ni kwamba fedha ni yake. Uislamu hauikanushi hoja hii. Dini yetu si ya wale wanaosema kwamba kumiliki mali ni wizi. Kurani Tukufu inakiri kwamba watu wametofautiana katika riziki, na inaeleza kwamba tofauti hiyo imewekwa ili watu wasaidiane na kutumikiana (43:33). Basi kuwa na nyumba kubwa na mwenzako akawa na ndogo, peke yake si dhambi.

Lakini na tutazame vizuri. Aya hiyo inasema tofauti imewekwa kwa ajili ya kuwaunganisha watu. Mwenye mali humhitaji fundi, na fundi humhitaji mwenye mali. Sasa mwenye mali akiitumia tofauti hiyo hiyo kuwa sababu ya kukata uhusiano, amekigeuza kipawa cha Mungu kinyume cha makusudi yake. Tena mahali pengine Kurani Tukufu imetoa sababu ya kugawanywa kwa mali, nayo ni kwamba mali isizunguke baina ya matajiri peke yao (59:8). Kanuni hii ni pana sana. Mali si sarafu tu. Bomba la maji ni mali. Barabara ya lami ni mali. Shule yenye walimu wa kutosha na zahanati yenye dawa ni mali. Matajiri wanapokaa mahali pao peke yao, vitu hivi vyote huzunguka huko huko. Maji yakikatika katika mtaa wao, simu hupigwa asubuhi na fundi hufika mchana, kwani wapigao simu ni watu wasikilizwao. Huko bondeni maji yasipotoka, wanunue ndoo moja moja kwa mchuuzi, kwa bei iliyo juu kuliko ya bomba. Lau kama tajiri na masikini wangekunywa kutoka bomba moja, ile simu moja ya tajiri ingewanywesha wote.

Kwa hiyo ni kweli kwamba fedha ni yake. Lakini utengano ununuliwao kwa fedha hiyo humpunguzia mtu mwingine ambaye hakuulizwa. Na jambo linalompunguzia mwingine haliwi halali kwa kuwa tu limelipiwa.

MLANGO NDIO MIZANI

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "Zaka natoa, na sadaka natoa. Je, haitoshi kumsaidia masikini nikiwa mbali naye?"

Hapa ndipo ilipo roho ya suala lote, na tunamwomba msomaji atulie nasi kidogo.

Kurani Tukufu, baada ya kuamuru ibada ya Mungu Mmoja na wema kwa wazazi, jamaa, mayatima na masikini, inaamuru wema kwa jirani aliye jamaa na jirani aliye mgeni (4:37). Angalia kwamba masikini amekwisha kutajwa, kisha jirani akatajwa peke yake. Maana yake ni kwamba haki ya jirani si haki ya umasikini. Ni haki nyingine, itokanayo na ukaribu. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alieleza kwamba Jibrili a.s. alimwusia juu ya jirani mara kwa mara hata akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi. Hakutosheka na maneno ya jumla. Alimfundisha Abu Dharr r.a. kwamba apikapo mchuzi aongeze maji yake ili jirani apate. Alionya kwamba si mwenye imani yule alalaye ameshiba hali jirani yake aliye ubavuni mwake ana njaa. Na Hadhrat Aisha r.a. alipomwuliza, akiwa na majirani wawili, ampelekee yupi zawadi, alimjibu kwamba ampelekee yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi.

Ndugu msomaji, tafakari jibu hili. Mtukufu Mtume s.a.w. aliufanya mlango kuwa mizani ya wajibu. Hakusema ampelekee yule umpendaye, wala yule mnayelingana. Mlango ulio karibu, basi. Kuna hekima kubwa ndani yake. Moyo wa mwanadamu huchagua. Huwaendea wale wamfurahishao. Lakini mlango wa jirani hauchagui. Mgonjwa akilia usiku, utamsikia hata kama hukutaka. Mtoto asipokwenda shule, utamwona. Harufu ya chakula chako humfikia, na ukimya wa meko yake hukufikia. Mwenyezi Mungu ameufanya ukaribu kuwa mwalimu ambaye hatoi likizo.

Sasa mtu atumiaye fedha yake kuhakikisha kwamba milango yote iliyo karibu naye ni ya matajiri amefanya nini? Hakuivunja amri ya jirani waziwazi. Bado atapeleka sahani ya pilau kwa mlango ulio karibu siku ya Idi; lakini mlango huo nao umejaa pilau. Ataalika majirani harusini. Lakini kila aliyealikwa ni tajiri, na Mtukufu Mtume s.a.w. alikiita chakula cha karamu ya namna hiyo, waitwapo matajiri na kuachwa masikini, kuwa ni chakula kibaya kabisa. Hatalala ameshiba na jirani ana njaa; kwani wenye njaa amekwisha kuwaondoa katika ujirani. Ameishika amri, na ameibadili mizani. Kurani Tukufu imewatishia adhabu kali wale wapunjao vipimo (83:2-4). Sisi tumezoea kumfikiria muuza nafaka mwenye kibaba kilichotobolewa. Lakini na yule ausogezaye mbali mlango wa masikini ili deni lake la ujirani lipungue, naye ameshika mizani na kuibonyeza kwa kidole.

Ndiyo maana sadaka ya mbali haitoshi, ingawa ni njema. Sadaka humpa masikini kitu cha mkono wako. Ujirani humpa masikini macho yako, masikio yako na sauti yako. Na tajiri naye hunufaika, kwani asiyewaona masikini huanza kuamini mambo ya ajabu juu yao: kwamba wote ni wavivu, kwamba wote ni wezi, na kwamba yeye amefika alipofika kwa akili yake peke yake.

Twaongeza jambo moja liwahusulo wenye kusali. Tunajivuna, na tuna haki ya kujivuna, kwamba katika msikiti tajiri na masikini husimama bega kwa bega. Lakini mtu husali katika msikiti ulio karibu na nyumba yake. Mitaa ikitengana, misikiti nayo hutengana, na safu iliyokuwa ushahidi wa udugu wa Kiislamu hugeuka kuwa safu ya watu wa mshahara mmoja. Hakuna aliyemfukuza masikini msikitini. Ramani ya jiji imemfukuza.

OMBI LA WAKUBWA WA ZAMANI

Ombi la kutengwa na masikini si jipya. Wakubwa wa kaumu ya Nabii Nuhu a.s. walimdharau kwa kuwa wafuasi wake walikuwa watu wa chini, naye akawajibu kwamba hatawafukuza walioamini (11:28-30). Wakubwa wa Makka nao walitaka wanyonge waondolewe ndipo wao waketi na Mtukufu Mtume s.a.w.; na Kurani Tukufu ikamkataza kuwafukuza wale wamwombao Mola wao asubuhi na jioni (6:53). Wakubwa wale hawakudai kwamba masikini wauawe wala wanyang'anywe mali. Waliomba nafasi yao tu. Waliomba lango.

Na jibu la Uislamu halikuwa la maneno peke yake. Alipohamia Madina mwaka 622, Mtukufu Mtume s.a.w. aliwafungisha udugu Muhajirina waliofika mikono mitupu na Ansari wenye nyumba na mashamba. Vyumba vya nyumba yake vilijengwa vikiungana na msikiti. Na katika ukumbi wa msikiti huo huo, uitwao Suffa, walilala Masahaba waliokuwa hawana nyumba wala jamaa. Kwa hiyo majirani wa karibu kabisa wa mkuu wa dola walikuwa watu wasio na makao. Hakuna mpima ardhi aliyekosea mpaka. Alitaka mwenyewe iwe hivyo.

Katika zama za Hadhrat Umar r.a. jambo hili lilitokea tena, nalo ladhihirisha suala letu wazi kabisa. Wanahistoria, akiwemo Tabari, wanaeleza kwamba mji wa Kufa ulipojengwa, jemadari mtukufu Sa'd bin Abi Waqqas r.a. alijenga nyumba yake karibu na soko. Kelele za soko zilimsumbua hata akashindwa kuongea na watu wake, akaweka mlango. Habari zilipomfikia Hadhrat Umar r.a. kwamba watu wanaiita nyumba hiyo kasri ya Sa'd, alimtuma Muhammad bin Maslama r.a. kutoka Madina mpaka Kufa kwa kazi moja: auchome moto mlango ule, kisha arudi. Sa'd r.a. alieleza kwamba hakukusudia kuwafungia watu haki yao, na Hadhrat Umar r.a. akamsadiki. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kuteketea.

Sa'd r.a. hakuwa mtu mwovu. Alikuwa miongoni mwa Masahaba wakubwa kabisa. Alitaka utulivu tu, kama ndugu yetu. Khalifa hakumhukumu kwa nia yake. Aliutazama mlango na kazi yake. Mlango hauulizi nia ya aliyeuweka, hufunga.

MASIHI ALIYEAHIDIWA NA SUALA LA MAKAO

Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika kitabu chake Kishti Nuh cha mwaka 1902, amemhesabu mtu amnyimaye jirani yake hata wema mdogo kabisa kuwa si wa Jumuiya yake. Na katika masharti kumi ya baiat, lile la saba lamtaka mtu aache kiburi na majivuno, na lile la tisa lamtaka ashughulikie kuwahurumia viumbe wa Mungu. Ndugu aliyetia saini masharti hayo hawezi kusema kwamba lango ni jambo la dunia lisilohusiana na dini.

Makhalifa wake nao wameifafanua haki ya makao. Mwenyezi Mungu alimwahidi Adamu a.s. kwamba hataona njaa wala uchi, wala kiu wala joto la jua (20:119-120). Hadhrat Mirza Tahir Ahmad r.h., Khalifa wa Nne, aliziona katika aya hizi haja nne za lazima ambazo jamii inawajibika kumtimizia kila mtu: chakula, mavazi, maji na makao. Tena hakuishia katika kufasiri. Mwaka 1982, baada ya kufunguliwa kwa Msikiti Basharat huko Hispania, alitangaza mpango wa Buyutul Hamd, yaani nyumba za sifa, ili kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa nyumba ile ya ibada kwa kuwajengea masikini nyumba za kukaa. Angalia uhusiano huo: nyumba ya Mungu ikikamilika, shukrani yake ni nyumba ya masikini.

Kutokana na mafundisho haya, mtu aweza kupata kipimo cha kuzipima siasa za nyumba za serikali yoyote. Kila mpango na uulizwe: Je, unaikaribisha milango au unaitenga? Kupima eneo zima kwa viwanja vikubwa tu ni kuandika lango katika ramani kabla hata ya ukuta kujengwa. Kuchanganya viwanja vikubwa na vidogo katika mtaa mmoja ni kuacha mlango wazi. Kuyaboresha makazi ya watu pale walipo ni bora kuliko kuwasogeza pembeni. Huko Magomeni Kota, mwaka 2022, kaya 644 za wakazi wa nyumba za zamani zilizobomolewa zilirudishiwa makao katika majengo mapya pale pale zilipokuwa. Huu ni mfano wa kufuatwa. Na mara nyingine kuhamisha ni lazima: baada ya mafuriko ya Desemba 2011 watu wa Bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, na kuokoa roho ni wajibu. Lakini mtu aliyeondolewa penye hatari akapelekwa mbali na kibarua chake, soko lake na shule ya watoto wake, bado anadai. Tumemwokoa na maji, hatujampa ujirani.

JIBU LETU KWA NDUGU

Sasa turudi kwenye lango. Ndugu yetu atasema: "Na wezi je?" Swali hili ni la haki, na asiyelijibu anafanya mzaha na amani ya watu. Mtukufu Mtume s.a.w. alisema kwamba si mwenye imani yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Maneno haya yamemlenga mwizi wa bondeni sawasawa na tajiri wa juu. Wizi ni dhambi, na umasikini hauuhalalishi. Mwenye nyumba ana haki ya kufuli, ya taa na ya mlinzi.

Lakini mwizi ni mmoja au wawili, na waliofungiwa njia ni mia kadhaa. Kuwaadhibu wengi kwa kosa la wachache, hali hawakushitakiwa wala kusikilizwa, si uadilifu. Tena hao wa bondeni wameibiwa zaidi kuliko wa juu, kwa kuwa milango yao ni dhaifu. Wao na wewe mna adui mmoja. Mbona mnawekeana ukuta badala ya kuwekeana zamu? Uislamu umehesabu kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni sehemu ya imani. Basi kuweka njiani kizuizi cha kumzungusha mtoto wa miaka saba asubuhi na jioni ni sehemu ya nini?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Usitoe mchango wa lango. Toa mchango wa taa na wa mlinzi, na utoe mkubwa zaidi ya uliotakiwa, ili isisemwe kwamba umejificha nyuma ya dini kwa ubahili. Nenda katika mkutano wa mtaa useme wazi kwa adabu kwa nini hutoi. Shuka bondeni, ukajitambulishe kwa wazee wa huko, mzungumze habari ya wezi pamoja nao, kwani wao huwajua. Ukishindwa katika kura, na lango likajengwa, omba liwe wazi saa za watoto kwenda na kurudi. Na ikiwa halikufunguliwa, basi mlango wa nyumba yako usifungwe.

Jambo hili litakugharimu. Majirani wa juu watakucheka, na huenda wengine wasikualike tena. Lakini ulipoingia katika Jumuiya hii ulikwisha kuonja kuchekwa kwa ajili ya haki, wala hukufa. Afadhali mtu apungukiwe na mialiko kuliko kuitwa Siku ya Kiyama na mizani aliyoibonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujalie nyumba zenye milango iliyo karibu na milango ya waja Wake masikini, na mioyo isiyoukimbia ukaribu huo. Amin.